Bado Upo?

Chumba cha mashine, Ghala
4 Aprili

Kitinda,

Marahaba, ingawa hujaniamkia.

Najua barua yangu uliyoizoea ina maneno mawili. Kila mwaka nakuuliza, "Bado upo?" nawe unajibu, "Bado nipo," na tunaishia hapo mpaka mwaka mwingine. Leo nina maneno zaidi ya mawili, kwa hiyo kaa vizuri.

Ghala linafungwa. Kampuni imeleta barua kwamba mwisho wa Juni mashine zote zizimwe. Imeandikwa "Kwa timu nzima ya Ghala." Timu nzima ni mimi, na ukitaka kutia chumvi, ni mimi na mlinzi wa getini. Nilimsomea. Akauliza kama na geti nalo linafungwa. Nikamwambia sijui, akarudi kwenye redio yake.

Hiki chumba usingekitambua. Meza za wale vijana wa Kampuni zimeondolewa, zimebaki alama za miguu yake kwenye zulia. Kipoza hewa kilinunuliwa kwa ajili ya mashine za chumba kizima, sasa kinapoza tatu tu pamoja na mimi, kwa hiyo nashinda na koti la Baba. Mashine bado zina majina tuliyozipa. Shangazi anazimika ovyo. Mjomba anapiga kelele nyingi na kazi hafanyi, kama mjomba wetu. Babu ndiye anayebeba kila kitu.

Siku zisizo na kazi, na ndizo nyingi, napita kwenye miradi mmoja mmoja kama mwenye nyumba anayekagua vyumba vya wapangaji. Unakumbuka tulivyoanza kwenye chumba cha nyuma, pale Baba alipokuwa akisahihishia madaftari? Mtu aandike programu, aiweke kwetu bure, na mtu mwingine asiyemjua aifungue aone ilivyoundwa, airekebishe, awape na wengine. Majirani walituona tumepungukiwa. Ya kwanza kuwekwa ilikuwa ile yako uliyoiita Msomaji. Kisha wakaja watu kutoka kila upande mpaka Mama akaanza kulalamikia umeme. Sasa karibu kila mlango una kibao kilekile, "Tumehamia kwingine." Wamekwenda kwa jirani mpya mwenye jengo zuri, wala siwalaumu. Baada ya yale matangazo hata mimi ningehama.

Najua hutaki niyataje. Lakini mimi nayakumbuka kama wewe. Tuliwauzia Kampuni kwa sababu tulishindwa kulisha mashine, nao wakafunga kila programu ndani ya matangazo, hata Msomaji, ambaye kazi yake ni kusoma kwa sauti chochote kilichopo kwenye skrini. Udongo wa kaburi la Baba haujakauka, Mama amekaa anasubiri kusomewa gazeti, akasikia sauti ya mumewe inamwambia anunue dawa ya kupunguza unene. Ukamfunga Msomaji na sauti zake zote kwa neno la siri, ukabeba begi, ukaondoka.

Sasa sikiliza. Nakala pekee iliyobaki wazi ni ile iliyo kwenye kompyuta ya Mama chumbani kwake, na diski yake inakufa. Haifi mara moja, inakula silabi. Unakumbuka Baba alivyojifungia stoo na magodoro ukutani, akisoma ba be bi bo bu mpaka koo likamkauka, ili macho ya Mama yakishakwenda kabisa kwa presha ya macho apate mtu wa kumsomea? Ulisema Kiswahili ni silabi tu, tukiwa nazo zote Baba atasoma chochote. Ulisema kweli. Sasa zinapungua. Ilianza kwenda "fyo", hakuna aliyejali. Ikafuata "ka". Wiki iliyopita ikaenda "ma". Baba anasoma gazeti lisilo na mama, lisilo na maji, lisilo na mahali popote. Kila palipo na silabi iliyokufa ananyamaza kidogo, na Mama naye anangoja, kama mtu aliyekatikiwa na simu.

Nilimletea kompyuta mpya yenye sauti ya mwanamke, sauti nzuri tu. Ameikataa. Anasema huyo bibi hamjui na hataki alale chumbani kwake. Nimewauliza watumiaji wa zamani wote niliowapata. Wana matoleo ya baadaye, yenye sauti za watu wengine.

Sauti zote za Baba ziko nyuma ya kufuli lako, na kufuli lenyewe linaishi ndani ya Babu. Siwezi kulivunja na siwezi kulihamisha. Babu akizimwa, basi. Nitumie neno la siri, Kitinda. Hutaki kuongea nami, usiongee. Nitumie neno tu.

Dada yako wa Ghala


4 Aprili

Bado nipo.


Chumba cha mashine
9 Aprili

Kitinda,

Nimekuandikia habari za mama yako mzazi, unanijibu maneno mawili.

Nilijiambia labda uko kazini, labda utaandika kesho. Nimesubiri. Hasira zako nazijua, nimeishi nazo tangu ulipokuwa unakataa kuvaa viatu. Nikasirikie mimi. Sema nilikosa kubaki na watu wale. Mimi niliona kama sote wawili tukiondoka, hakuna atakayezilinda programu za watu zisifanyiwe uchafu zaidi ya ule, na matangazo yaliondolewa mwishowe kwa sababu kuna mtu alikaa humu akipiga kelele kila mkutano. Kwenye mikutano hiyo wewe hukuwepo. Lakini hayo ni yangu na wewe. Mama hayamhusu.

Jana amekaa na Baba mchana kutwa. Alikuwa anamsomea habari za ligi, zina mapengo mengi hata huelewi nani kafungwa. Nikamwambia, Mama, zima upumzike. Akasema, "Mwache amalize."

Neno la siri, tafadhali.

Dada yako


9 Aprili

Bado nipo.


12 Aprili

Kitinda,

Wewe ni mbuzi?

Dada yako


12 Aprili

Bado nipo.


Sanduku la hitilafu, mradi wa Msomaji
15 Aprili

Kichwa cha ripoti: Mtunzaji wa mradi anajibu hata kama hayupo.

Namna ya kuirudia hitilafu: Mwandikie mtunzaji barua ndefu. Mwandikie kwa hasira. Muulize kama ni mbuzi.

Kinachotarajiwa: mdogo wangu.

Kinachopatikana: "Bado nipo."

Maelezo ya ziada: Nilicheka lile jibu la mbuzi, nikacheka mwenyewe humu chumbani, halafu kicheko kikanikauka. Nikaenda kuangalia saa za majibu yako, ya mwaka huu na ya miaka yote. Ukiacha yale ya mwanzoni kabisa, barua yangu inatoka, jibu lako linaingia, Babu hata hajameza mate. Hakuna mtu anayechapa hivyo. Uliweka mashine inijibu.

Unajua mimi nilikuwa naifanyia nini ile "Bado nipo" yako? Kila mwaka ilipoingia nilikuwa nazima kila kitu, nakwenda nyumbani kabla ya saa za kutoka, nakaa kitandani kwa Mama namwambia, "Amejibu. Yupo." Mama anauliza, "Kasema nini kingine?" Nami natunga. Nimesema umenenepa. Nimesema una ndevu. Mwaka mmoja nilikuchumbia mtu, ikabidi mwaka uliofuata muachane.

Nilitunga juu ya kitu nilichoamini kipo. Sasa sijui. Inawezekana ulishakufa siku nyingi, mashine yako iko mahali fulani chini ya meza ya mtu, inamwambia dada yako kwamba upo. Mama sijamwambia. Ameniuliza kwa nini siku hizi naongea taratibu.

Barua zangu huzisomi, hilo limeshakuwa wazi. Lakini mimi nakujua. Hukuwahi kuamka kwa ajili ya chai, wala mgeni, wala moshi jikoni, ila mtu akisema programu yako ina kasoro unaruka kitandani. Kwa hiyo naileta hapa, kwenye sanduku la kasoro, ambako najua mlango bado uko wazi.

Uzito wa hitilafu: sijui neno la kuandika hapa.

Aliyeripoti: Dada


2 Mei

Shikamoo dada,

Ripoti yako nimeipokea. Nimeikagua na nimethibitisha kwamba hitilafu ni ya kweli.

Nipo. Sijafa, sina ndevu, na huyo mchumba ungeniambia ningemwaga mwenyewe kwa adabu.

Ulijua utanipata. Ripoti iliingia kwenye simu niko kazini, nikasimama katikati ya njia mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama naumwa. Kisha sikuandika. Nilikuwa naandika, nafuta. Kazi yangu siku hizi ni kwenye ghala la kweli, dada, la maboksi. Natembea na kifaa kinacholia nikikielekeza kwenye lebo. Wenzangu hawajui jina langu, wananiita kwa namba ya njia ninayoisimamia, na mimi siyajui yao. Kompyuta niliacha. Ninakoishi dirisha linatazama ukuta wa jengo la pili, na jiko tunalitumia wengi, kila mtu ameandika alama yake kwenye mayai yake. Kuna wiki zinapita sijasema neno kwa mtu ambaye hajanisukuma kwanza kwa toroli.

Mashine ya kujibu niliiweka kwa aibu, si kwa dharau. Barua yako ya kwanza nilijibu kwa mkono. Ya pili nilikaa nayo wiki nzima kwa maneno mawili yale. Nilikuwa nataka kuongeza la tatu, sikulipata. Kanuni ya Ghala naijua, nilikuwepo tulipoiandika. Mtunzaji asipojibu, mradi unatangazwa yatima na anapewa yeyote atakayeuomba. Sikutaka Msomaji aitwe yatima. Kwa hiyo nikaandika vijistari vichache: ikija barua kutoka Ghala, jibu. Nikajiambia ni kwa mwaka ule tu.

Kilichonitesa ni kwamba wewe ulikuwa unaandika mwenyewe. Nakumbuka ulivyokuwa unawaandikia watunzaji mmoja mmoja, umekunja miguu kwenye kiti cha Baba, unawauliza na habari za watoto wao. Kila mwaka naona "Bado upo? Dada yako wa Ghala", nasema, amekaa chini, amenikumbuka, ameandika. Na mimi nimemwekea kopo limjibu. Nilikuwa nazisoma barua zako, dada. Zile tatu za Aprili ndizo sikuziona mpaka ripoti yako iliponifanya nizitafute, maana mashine inazipokea na kuziweka pembeni, mimi nazifungua mwisho wa mwaka, siku ambayo sina kazi. Zile za maneno mawili nimezihifadhi zote.

Sasa neno la siri. Hapa ndipo pabaya.

Nililiandika nikiwa na hasira, na nilichoandika ndicho nilichokuja kukuambia mlangoni nikiondoka. Nilifikiri ni maneno nisiyoweza kuyasahau. Nimeyasahau. Nakumbuka begi langu lilikuwa na zipu mbovu, nimelikumbatia kama mtoto, nakumbuka uso wako. Maneno hayapo. Nilijaribu kutokea huku, "umemuuzababa". Likakataa. Nikajaribu "ulimuuzababa". Likakataa. Halafu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe, kwa ujeuri, nililiwekea kwamba likikosewa mara tatu mfululizo linafuta kila kitu.

Imebaki mara moja. Sitathubutu kugusa tena.

Wewe unakumbuka nilisemaje?

Kitinda


Chumba cha mashine
6 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Safari hii umeamkia kweli.

Nilisoma barua yako nimesimama. Nikaisoma tena nimekaa. Kisha nikatoka nikampa mlinzi chai yangu, maana nilitaka kumpa mtu kitu.

Kuna jambo lazima nikuambie, na usicheke. Ile "Bado upo?" mimi siiandiki. Niliiandika mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili miradi ilishakuwa mingi, vidole vinaniuma, nikaandika vijistari vichache nikampa Babu: ikifika tarehe fulani, waulize wote. Sahihi nayo anaiweka yeye. Wewe ulipata barua ileile aliyopata kila mtu, na wengi wao walishahama. Mimi nilichokuwa nafanya ni kukaa kusubiri jibu lako moja tu.

Kwa hiyo ni Babu aliyekuwa anauliza, na kopo lako lililokuwa linajibu. Mimi na wewe hatukuwepo. Kila mmoja wetu alikuwa anasikia haya kwa udanganyifu wake na anafarijika kwa mkono wa mwenzake, na mikono yenyewe haikuwepo. Sijui tucheke au tufanyeje. Babu simlaumu, amekuwa na adabu kuliko sisi sote.

Ulichosema mlangoni nakikumbuka. Nitakisahau vipi? Ulisema, "Baki na mashine zako." Nimekaa nayo hiyo miaka yote. Nikifunga chumba hiki jioni inanijia. Nikila mwenyewe hapa mezani inanijia. Nimebaki na mashine zangu, Kitinda, kama ulivyoniagiza.

Nilikuwa nimeshaandika "bakinamashinezako" kwenye kisanduku, kidole kiko juu ya kitufe. Nikasita. Nikasema niende kwanza kwa Mama, kwa kuwa siku ile alikuwa jikoni na mlango ulikuwa wazi. Kumbe ilibidi nimwambie kila kitu, habari ya kopo na habari ya ndevu. Alisikiliza. Akasema, "Ndevu nilijua ni uongo, kwao hawaoti." Nikamuuliza, Mama, Kitinda alisemaje mlangoni? Hakufikiri hata kidogo.

Akasema, "Alisema, kaa na mashine zako."

Nikamwambia, hapana Mama, alisema baki. Akasema, "Wewe ulikuwa unalia. Mimi nilikuwa namenya viazi. Alisema kaa."

Sasa nifanyeje? Mimi nina uhakika na baki. Ningeapa. Neno hilo nimelala nalo. Na Mama ana uhakika na kaa. Nafasi ni moja. Niambie lipi.

Dada


11 Mei

Shikamoo dada,

Nimekaa na maneno yote mawili, nayatamka humu chumbani kwa sauti, mpaka jirani akagonga ukuta. Siyakumbuki. Midomo yangu inayakubali yote.

Siwezi kukuchagulia. Najua tu kwamba siku ile mimi na wewe tulikuwa tunapiga kelele, na katika nyumba nzima aliyekuwa anasikiliza ni mmoja.

Ukikosea, sitakulaumu. Ukikosea, ni mimi niliyekosea.

Chini hapa kuna maneno ya Mama. Kama litafunguka, usimsomee wewe. Mwache Msomaji amsomee.

"Shikamoo Mama. Ni mimi. Nakula vizuri. Huku kuna baridi lakini nimenunua koti. Nisamehe kwa kuwa kimya. Sikuwa na la kusema ambalo lingekufurahisha. Siku hizi sijaona ng'ombe hata mmoja."

Hiyo ya mwisho ni kwa ajili ya kupima mitambo.

Kitinda


Chumba cha mashine
14 Mei

Mdogo wangu,

Nilimleta Mama huku Ghala. Hakuwahi kuingia tangu tuhame chumba cha nyuma. Nikamvalisha koti la Baba, mimi nikabaki naganda. Alitaka kuwashika Babu na wenzake. Nikampeleka kwa Mjomba, akasema anatetemeka sana. Kwa Shangazi hakukaa. Akamwekea Babu kiganja ubavuni, akasema, "Huyu ana homa, mmemchosha."

Nikamketisha kwenye kiti changu. Nikafuta "baki". Usidhani ilikuwa rahisi. Nilijiona kama namuacha mtu niliyeishi naye. Nikaandika "kaanamashinezako". Mama akasema, "Bonyeza basi, mikono yangu inapoa." Nikabonyeza.

Babu alifikiri kwa muda ambao sitausahau. Kisha likafunguka.

Zote zipo, Kitinda. Kila silabi, kwenye safu zake, kama alivyoziandika Baba kwenye ubao wake. Nilimuuliza Mama asomewe nini kwanza, nikidhani atasema gazeti, au barua yako. Akasema, "Ma."

Nikambonyezea. Baba akasema, "Ma."

Mama akasema, "Tena."

Sijui tulikaa hapo kiasi gani. Mlinzi alichungulia akarudi zake bila kuuliza.

Halafu tukamwekea barua yako. Ilipofika kwenye ng'ombe, unakumbuka Baba, mwalimu mzima aliyewachapa watoto wa watu kwa kusahau alama ya king'ong'o, ndiye aliyeisahau safu nzima ya ng'a ng'e ng'i? Na yule mtumiaji tusiyemjua, wa sauti nyembamba, akarekodi zake akatuletea? Ilipofika hapo Baba akaanza, "sijaona", yule mtu akaingia na "ng'o", Baba akamalizia "mbe". Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Alisema Baba siku ya kwanza kuisikia aliuliza nani huyu anayeingilia katika ng'ombe wake. Kisha akaanza kumwombea huyo mtu, popote alipo.

Mama anataka niandike anavyosema, nisipambe. Haya ni yake:

"Mwanangu. Umeniamkia kwa sauti ya mume wangu. Mtu mzima ananiambia shikamoo Mama. Nimecheka lakini usirudie. Baba yako ana kazi yake ya gazeti, usimtume kwangu kusema yako. Mdomo unao. Wewe piga simu."

Mwisho wa maneno ya Mama.

Nami nina langu. Miaka yote nimebeba "baki". Mtu anayebaki ameachwa. Kumbe ulisema "kaa", na kaa tunamwambia hata mgeni. Najua ulilisema kwa ubaya. Usinidanganye kwamba hukuwa na ubaya. Lakini nilikuwa nimelifanya zito kuliko ulivyolitoa, na nimelilea peke yangu humu na baridi. Leo nimeandika kwa vidole vyangu neno lako lilivyo, na ndilo lililofungua.

Nitamhamishia Mama kila kitu kwenye kompyuta mpya. Yule bibi nimemtoa.

Dada


Ghala
30 Juni

Kitinda,

Leo ndiyo leo. Mjomba nimemzima kwanza, akanung'unika. Shangazi alishajizima mwenyewe asubuhi, ameniondolea lawama. Babu nimemwacha mwisho ili aitume barua hii.

Msomaji nimempeleka kwa jirani mpya. Nimemwandikisha kwa jina lako, wazi, bila kufuli, mtu yeyote amchukue. Kisha nikarudi nikaweka kibao kwenye mlango wetu wenyewe. "Tumehamia kwingine." Nimewawekea watu kibao hicho mara nyingi, sikujua kinavyouma kukiweka kwako.

Simu hujapiga. Mama ameihamisha ya nyumbani kutoka sebuleni hadi chini ya mto wake.

Mlinzi ameambiwa geti linabaki. Ameniuliza kesho nitakwenda wapi. Nikamwambia nyumbani. Akasema, kufanya nini. Nikakosa jibu. Nimezoea kukaa mahali na kuuliza watu kama wapo.

Ratiba ya Babu nimeifuta. Swali la mwaka huu nakuuliza kwa vidole vyangu, na tafadhali kopo lako lizime.

Bado upo?

Dada yako wa Ghala


(kwa posta, imeandikwa kwa mkono)
19 Julai

Shikamoo dada,

Mwandiko wangu umeharibika, utanisamehe. Sikuwa nimeshika kalamu tangu shule.

Kopo nililizima Mei. Ndiyo maana nilichelewa kukujibu. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini nakaa kitandani na viatu, naandika, nafuta. Nilitaka isiwe maneno mawili. Nilipomaliza nikatuma, ikarudi. "Anwani haipo." Nikatuma tena, ikarudi tena. Babu alishazimwa, nami nilijua alishazimwa, lakini niliisoma ile "haipo" kama mtu aliyeambiwa kitu kingine. Kwa hiyo nimenunua bahasha. Muuzaji aliniuliza bado kuna watu wanaandika barua. Ndiyo mazungumzo marefu niliyofanya wiki hii.

Simu nimeishika mara nyingi. Nafika mpaka kwenye namba ya mwisho. Mwambie Mama aiache hapohapo chini ya mto. Nitapiga. Nazoeza sauti kwanza, isije ikatoka kama ya mtu wa pembeni anayeingilia ng'ombe.

Barua yako ya mwisho naisoma kila siku nikiwa kwenye mapumziko, kwenye kona ya maboksi yaliyopasuka. Kila nikiisoma nakwama mahali pamoja, pale mlinzi alipokuuliza ukakosa jibu. Nimekuwa nikikufikiria kwenye kile chumba, na koti la Baba, na alama za meza kwenye zulia. Uliwauliza watu wote waliowahi kuweka kitu kwetu, mwaka hadi mwaka, mpaka walipoisha. Uliniuliza mimi hata nilipokuwa kopo. Nimejaribu kukumbuka nani aliwahi kukuuliza wewe, na simpati.

Swali lenyewe niliandika mimi, kama umesahau. Tulikuwa chumba cha nyuma, wewe ulitaka tuandike "Tafadhali thibitisha kwamba mradi wako unaendelea", mimi nikasema huyo ni mtu, muulize kama mtu.

Kwa hiyo nakuuliza. Usiharakishe, na usiniwekee mashine. Ukikosa la kusema niandikie hilohilo, kwamba umekosa.

Dada, bado upo?

Mdogo wako